Mfupa wa Nyuma ya Sikio la Cate

Wodi ya Watoto,
Tororo.
Jumanne, 14 Oktoba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Patroba, Baba Cate,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu dada yako, na kutoka kwa wote wa huku mpakani wanaolitaja jina lako kila wakipiga magoti. U hali gani huko Doha? Joto limepungua, au bado mnaanza kazi kabla jua halijatoka? Kile kikohozi cha vumbi ulichokuwa nacho mwezi wa nane kimekuachilia? Na mgongo je? Usinijibu kwamba uko sawa tu. Wewe hata ukivunjika mguu utasema uko sawa tu.

Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa kwenye benchi la hospitali, leo siku ya sita. Kibanda changu cha maharage pale Busia hakijafungwa. Ritah, jirani yangu wa sokoni, anapima gorogoro zangu pamoja na zake, na kwa jinsi ninavyomjua anawajazia wateja wangu mpaka zinamwagika, kwa kuwa maharage si yake. Mvua za vuli zimeanza. Nyumbani Masinya wamemaliza palizi, na huku Paya kwa wakwe zako maharage yametoa maua.

Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi kana kwamba tumerudi zama za babu. Phillip, mtoto wa Mama Benedeta, amekuja leo kumwona Cate kabla hajarudi huko kazini kwenu. Anaruka usiku wa kesho, nami nimemkalisha hapo nje na kumwambia asiondoke bila bahasha hii.

Nimechagua karatasi makusudi. Jumapili kwenye simu nilisema maneno kumi, wewe ukasema mia, kisha ukakata. Karatasi utaisoma mpaka mwisho hata kama unatukana. Na jambo kubwa nalisema hapa juu, ili usije ukadai nilikuficha: barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha. Kesho saa tatu asubuhi Cate anapasuliwa nyuma ya sikio la kulia. Ulisema asiguswe mpaka urudi Desemba. Ataguswa kesho. Mimi na mkeo tumetia sahihi.

Sasa kaa chini, unywe maji, usome.

Unajua sikio lile lilivyoanza. Alikuwa na miaka mitatu, mkiwa bado Masinya. Wakasema ni meno yanaota. Meno yakaisha kuota, usaha haukuisha. Wakasema akianza shule litakauka lenyewe. Akaja kwangu Busia, akaanza shule, akafika darasa la tano, na bado kila asubuhi nilimpa pamba ya kuziba sikio kabla hajavaa sare. Tumetia mle ndani mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, maji ya kitunguu, hata maziwa ya jirani aliyekuwa ananyonyesha. Wewe mwenyewe ulituma kutoka huko chupa ya dawa, tukafurahi sana, mpaka Ritah alipoisoma vizuri na kukuta ni ya macho.

Wote tulifanya hivyo kwa sababu huku kwetu sikio linalotoka usaha tunalihesabu kama kamasi. Ingia darasa lolote utaona pamba imechungulia masikioni mwa watoto. Si ugonjwa, tunasema, ni utoto, litaacha. Nami nimelisema hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote, na leo nikilisikia kwa mtu mwingine natamani kumziba mdomo kwa pamba ileile.

Sasa nikukirie kosa langu, maana sitaki ulisikie kwa Baba Mkubwa Osire akiwa ameshalitia chumvi. Mwezi wa saba harufu ilizidi. Darasani wenzake wakawa hawataki kukaa upande wake wa kulia. Nikavuka ng'ambo, nikanunua vile vidonge vya rangi mbili, vya kufunguka, ambavyo nusu ya Busia hunyunyizia vidonda. Nikavifungua na kumwaga unga wake sikioni, asubuhi na jioni, siku nne mfululizo. Wiki hiyohiyo kanisani kulikuwa na maombi ya kufunga, na Pasta Okanya akamwekea Cate mkono. Jumapili sikio lilikuwa kavu. Kavu kabisa, Patroba! Nililia kama mtu aliyefiwa. Nikamvalisha gauni lake la bluu, nikamsimamisha mbele ya kanisa zima, nikatoa ushuhuda kwamba kilichowashinda watu miaka minane Mungu amekimaliza kwa siku nne. Unga sikuutaja. Akina mama walipiga vigelegele, na tangu siku ile wakawa wanamwita Cate wa Muujiza.

Kumbe unga ule uliganda na usaha ukawa kizibo. Usaha haukukauka hata kidogo. Ulikosa tu mlango wa kutokea nje, ukaendelea na kazi yake ndani. Daktari amenieleza kwamba uharibifu wenyewe ulianza miaka mingi nyuma, kabla ya unga wangu, lakini hakunidanganya kwamba unga haukuongeza kitu.

Na Cate alijua. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Mwezi wa nane kichwa kilianza kumgonga. Mwezi wa tisa akawa anashikwa na kizunguzungu akigeuka ghafla. Akanyamaza. Unajua huniita senge, kama sisi tulivyomwita dada ya baba. Nilipomwuliza juzi kwa nini hakuniambia, alijibu, "Senge, ningesemaje na tulishatoa ushuhuda? Si watu wangesema tulidanganya kanisa?" Mtoto wa miaka kumi na mmoja, ndugu yangu. Alikuwa anaumwa na bado ananilindia jina langu.

Alhamisi iliyopita asubuhi alikuwa anakunywa chai, ikamwagikia kola ya sare. Nikamgombeza. Akanywa tena, ikamwagika tena, upande uleule. Nikaweka kikombe changu chini. Nikamwambia, hebu cheka. Akacheka upande mmoja. Mdomo wa kulia haukupanda, na alipofumba macho, jicho la kulia lilibaki wazi kidogo. Nikamvuta hadi mlangoni kwenye mwanga. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pamekuwa pekundu, na sikio lenyewe limesukumwa mbele. Nilipopagusa alipiga ukelele hata majirani wakatoka nje.

Sikwenda kwa Pasta wala duka la dawa. Mkeo Akongo, aliyeko kwao Paya, alikuwa ameniambia tangu Pasaka kwamba Tororo kuna kliniki ya masikio, nami nilikuwa nimempuuza, nikaona watu wa Paya watanifundisha nini. Nimeshamwomba radhi. Asubuhi ile nilimbeba Cate na sare yake yenye chai, tukavuka mpaka, na kabla ya saa tano tulikuwa kwenye foleni ya kliniki. Akongo alitukuta hapo na tope la shamba miguuni.

Aliyetupokea ni Daktari Engole, mtu wa kabila la Wateso mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alichungulia, akachukua kamrija ka kunyonyea, akafanya kazi polepole mpaka kizibo kikatoka. Kilikuwa kigumu kama ukoko wa ugali. Nyuma yake usaha ukafuata, na muuguzi akaenda kufungua dirisha. Daktari akauliza nani aliweka unga. Nikasema ni mimi. Nilingoja anigombeze, nilitaka anigombeze. Akasema tu, "Watu mingi nafanya hivi, mama. Sasa tunatoa." Siku ileile wakamlaza na kumwekea dripu, na Ijumaa tukapelekwa Mbale kupigwa picha ya kichwa.

Nataka ukijue kichwa cha mtoto wako kama nilivyokijua mimi, kwa sababu kwenye simu ulisema tunataka kumpasua mtoto kwa sababu ya usaha. Weka kidole chako nyuma ya sikio lako. Hapo pagumu unapopagusa ni mfupa, lakini si mfupa mzito kama wa goti. Ndani umejaa vijumba vya hewa, kama sega la nyuki, na vijumba hivyo vimeungana na chumba cha ndani ya sikio, kilicho nyuma ya ngoma ya sikio. Ngoma ya Cate ilitoboka zamani. Ngozi ya huku nje ikapenya, ikaota mle ndani mahali pasipo pake, ikafanya kifuko. Ngozi hujichubua kila siku. Ya mikononi tunaiosha na maji, lakini ile ya ndani haina pa kwenda. Ikajazana kwenye kifuko, kifuko kikapanuka, na kila mahali kinapogusa mfupa, mfupa unayeyuka. Umekuwa ukiyeyuka kwa miaka, kijumba baada ya kijumba, huku sisi tukibadilisha pamba.

"Hii si kansa," daktari alituambia mimi na Akongo, "lakini mfupa inaisha kama mbao ya mlango yenye mchwa. Nje unaona mlango iko mzuri. Ndani hakuna kitu."

Akatuonyesha kwenye picha kwa ncha ya kalamu. Ndani ya sikio kuna mifupa mitatu ya kupokezana sauti, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Ya Cate miwili haipo tena. Imeliwa. Mshipa unaoendesha uso hupita kwenye kifereji cha mfupa, na kifereji hicho kimelika, ndiyo maana mdomo ukalegea. Kuna kiungo kinachomfanya mtu asimame bila kuyumba, nacho ukuta wake umetoboka, ndiyo sababu ya kizunguzungu. Na juu kabisa, kati ya sikio na ubongo, kuna dari ya mfupa. Kwenye picha ile dari ya Cate imekonda kama ganda la yai, na mahali pamoja hata ganda hakuna.

Nikamwuliza usaha ukipita hapo itakuwaje. Akasema utaingia kwenye ubongo. Nikamwuliza lini. "Siku siwezi kukuambia," akasema. "Inaweza ngoja, inaweza kataa." Nikamwambia baba yake anarudi Desemba. Akanitazama, akamtazama Akongo, akasema Desemba ni mbali sana.

Dripu imepunguza uvimbe, na homa imeshuka. Usiseme basi amepona. Nilishasema amepona mara moja mbele ya watu mia tatu. Mfupa ulioliwa haurudi kwa dawa, na kile kifuko hakifi kwa dawa. Lazima nyuma ya sikio pafunguliwe, mfupa mbovu ukwanguliwe wote mpaka wafike kwenye mzima, na kifuko kitolewe chote, kisibaki hata kipande. Wapasuaji wa kazi hiyo wamekuja Tororo kwa wiki moja tu. Wamefika jana. Wakiondoka hawarudi mpaka mwezi wa nne mwakani.

Jumamosi Baba Mkubwa Osire alifika kutoka Masinya, amevaa koti lake la vikao. Nilijua ujumbe kabla hajaketi. Akasema kichwa cha mtoto hakifunguliwi baba yake akiwa safarini. Akasema kwetu kichwa hunyolewa baada ya mazishi, kwa hiyo kumnyoa mtoto nyuma ya sikio, baba yake akiwa hai na yuko mbali, ni kuwaitia msiba wote wawili. Akasema tungoje ukoo ukutane baada ya wiki mbili. Unajua nilivyolelewa. Nilimsalimu nikiwa nimepiga magoti, na nikamkatalia nikiwa bado nimepiga magoti. Nikamwuliza kwa adabu, wale vijana wa Busia wanaonyolewa pembeni na kuachiwa kishungi juu, vinyozi wao wameshaua wangapi? Akongo aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Baba Mkubwa hakucheka.

Jumapili nilimwachia Akongo mtoto, nikarudi Busia kanisani. Wakati wa shuhuda ulipofika nikasimama. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mwezi wa saba nilisimama hapa nikasema sikio la Cate limepona. Halikupona. Nililiziba na unga wa dawa, nikawaficha. Mtoto yuko hospitali Tororo." Kisha mama mmoja wa mbele akaanzisha pambio la kunifunika, si unajua wanavyofanya mtu akiharibu ibada. Wakaimba, wakapiga makofi. Nikaimba nao mpaka wakachoka. Walipokaa, mimi nilikuwa bado nimesimama, nikamalizia: nikawaambia Mungu haaibiki kwa sikio kuoza, ila sisi tunaaibika tukimfanya mtoto aone haya kusema anaumwa. Pasta Okanya alishika kipaza sauti, akasema tumwombee Cate na madaktari wake. Nampa heshima yake kwa hilo.

Nje ya kanisa wamama watatu walinifuata nyuma ya choo, mahali ambapo watu hawaoni. Kila mmoja na mtoto, kila mtoto na pamba sikioni. Jana wawili wamefika hapa kliniki. Wa tatu namngoja, na asipokuja nitamfuata kwake.

Baada ya hapo ndipo nilipokupigia, na ukanifokea mbele ya soko zima. Nilikuwa nimeweka sauti ya juu kwa sababu ya malori ya foleni, kwa hiyo hata wauza ndizi walisikia ukisema mimi na Akongo tumekuondolea ubaba wako. Hilo nimelilia, sitaki kukuficha. Nimelilia, kisha nimelikataa.

Patroba, nakujua tangu unatambaa. Huo haukuwa ukali, ulikuwa woga. Bado unamwona Osborn, rafiki yako, aliyeingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake kwa ajili ya ngiri, na wewe ndiye uliyepewa viatu vyake uvirudishe kwa mama yake. Na umekaa mbali miaka minne, ukaona kila kitu kinatokea bila wewe: Cate ameng'oka meno, ameingia darasa la kwanza, amejua kusoma. Sasa unataka angalau hiki kikungoje. Nakuelewa. Kama ni jino, tungekungoja. Kama ni ubatizo, tungekungoja hata miaka kumi na tungekuwekea kiti cha mbele. Mfupa wa mtoto wako haujui kwamba baba yake ana mkataba mpaka Desemba.

Kwa hiyo jana muuguzi alipoleta fomu na kuuliza baba yuko wapi, Akongo alijibu kabla sijafungua mdomo. Akasema, "Baba iko Doha. Mimi niko hapa. Hii mtoto nilizaa mimi, leta kalamu." Aliandika jina lake lote, polepole, kwa herufi kubwa, kama anachonga. Nilikuwa simjui mkeo vizuri miaka yote hii. Nilimwona mpole wa kupelekwa tu, anayekubali kila neno la Masinya. Nimekosea sana. Chini yake nikaandika langu, na mahali palipoandikwa uhusiano nikaandika dada ya baba, ili siku ukoo ukiitaka karatasi hiyo uone kwamba upande wako ulikuwepo.

Baba Mkubwa alirudi asubuhi ya leo, akakuta muuguzi ameleta wembe na maji. Akakaa kwenye benchi akiwa ametukunjia uso. Nikaomba wembe huo nikamnyoa Cate mwenyewe, kwa mkono wangu, nyuma ya sikio mpaka karibu na kisogo. Kama ni msiba wa kuitwa, nimeuita mimi, usimsumbue muuguzi wa watu. Tulipomaliza Cate alijitazama kwenye kioo cha simu, akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Senge, sasa nakaa kama rapa." Yule mzee aliinuka akatoka bila kuaga. Nikafikiri amekwenda Masinya kuitisha kikao. Saa sita akarudi na kichane cha ndizi mbivu, akakiweka kitandani kwa Cate, akakaa tena kwenye benchi. Hajasema amekubali, nami sijamwuliza. Yuko hapo mpaka sasa, amesinzia na koti lake.

Jambo moja limenishtua leo. Siku zote hizi wewe, mimi, Baba Mkubwa, Pasta na soko zima tumezungumza juu ya kichwa cha Cate, na hakuna aliyemwuliza mwenye kichwa. Nikamwuliza leo mchana, daktari akiwepo. Nilimwambia kila kitu bila kupunguza. Alisikiliza akila ndizi. Akauliza kama atasikia tena kwa sikio lile. Daktari Engole akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia, "Hii ya kulia, hapana. Mifupa ya sauti imekwisha. Mimi nataka kuokoa wewe, na uso yako. Ile ya kushoto iko mzima, na tutachunga." Cate akaweka ganda la ndizi pembeni. Kisha akasema, "Basi kateni. Nimechoka kunuka."

Nilitoka nje nikasimama karibu na mabomba ya maji mpaka nikaweza kurudi ndani. Miaka minane tulikuwa tunalijadili sikio, na yeye alikuwa akiishi na harufu yake mchana kutwa, akichagua kiti cha mwisho darasani asimsumbue mtu.

Sikuandikii kwamba hakuna hatari. Watamlaza usingizi wa dawa, na watafanya kazi karibu na mshipa wa uso ulio wazi na chini ya dari isiyokuwepo. Daktari hakutuficha, akasema anaweza kutoka na uso umelegea zaidi, na kwamba mara chache sana mtoto haamki. Nimeyasikia maneno hayo, Akongo ameyasikia, na tumetia sahihi baada ya kuyasikia. Ikiwa kesho itakwenda vibaya, usimlaumu mkeo. Niite mimi Masinya, uwakusanye wote, nami nitakuja peke yangu na kusema ni mimi. Lakini usiniambie kwamba ningekaa nikamtazama akiliwa kichwa kwa sababu ya kalenda. Hilo sitaliomba radhi, leo wala siku utakaporudi, hata ukinikatia salamu mpaka uzeeni.

Ritah anakusalimu na kusema sasa anajua kusoma chupa, kwa hiyo ukituma dawa nyingine atakurudishia uijaribu wewe kwanza. Mama Benedeta anakusalimu na amempa Phillip omena iliyokaangwa kwa ajili yako, gawana na Kevo na wenzako wa chumbani, usiimalize peke yako kama kawaida yako. Akongo hakutaka niandike maneno mengi kwa niaba yake. Amesema nikuambie tu kwamba anakula, na kwamba anakungoja. Mungu wa mama yetu, aliyekuvusha baharini na jangwani, akulinde kazini, akurudishe na mgongo mzima, na kesho saa tatu awe upande wa hawa madaktari.

Desemba njoo kama ulivyopanga, umenikasirikia au umenisamehe. Sikio la kulia tumelipoteza sote kwa pamoja, wewe ukiwa huko na sisi tukiwa hapa. Kwa hiyo ukimkuta uani amekupa mgongo, usimwendee kulia. Simama kushoto kwake, umwite kwa jina lake. Akigeuka, ujue amegeuka kwa sababu hatukukungoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Felistus